Simchapi mwanangu lakini ananikwepa, bibi anayemchapa ndiye kipenzi chake

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro, kazi yangu ni ushonaji. Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia Dar es Salaam anashusha Tunduma, mara nyingine anavuka hadi Zambia, kwa hiyo nyumbani anaonekana kwa kupita. Naomba usinitaje jina kwa sababu wifi zangu wanasoma safu hii.

Nililelewa na shangazi yangu, na shangazi alikuwa mtu wa kuchapa. Si kofi la hapa na pale. Alikuwa na waya wa pasi ameutundika nyuma ya mlango wa jikoni, ukivunja kikombe unatumwa ukaulete mwenyewe. Alama ninayo mpaka leo pajani, na mume wangu anaijua. Alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza tulikubaliana kwamba nyumba hii haitakuwa na fimbo. Baadaye tukahudhuria semina ya malezi kanisani kwetu, mtoa mada akasema yale yale tuliyokuwa tukiyawaza, tukazidi kupata nguvu. Sasa kijana ana miaka kumi, yuko darasa la nne, na mdogo wake wa kike ana minne. Sijawahi kuwanyanyulia mkono. Majirani wananisema kwamba nalea mayai.

Mwaka jana mama mkwe alianza kusumbuliwa na sukari, akapata kidonda mguuni kisichofunga, tukamtoa kijijini awe karibu na hospitali. Nilimpokea kwa moyo mmoja na dawa zake nazisimamia mimi. Analala chumba kimoja na wajukuu. Ni mtu mchangamfu, ana hadithi, mkono wake hautulii, kila saa anasuka ukili. Ila kwake yeye mtoto asiyechapwa hajalelewa. Asubuhi ni "mchelea mwana kulia hulia yeye", jioni ni Methali kumi na tatu, kwamba asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe.

Miezi michache iliyopita hela zikaanza kupungua kwenye kopo la biskuti ninamoweka malipo ya wateja. Nikadhani nakosea hesabu. Siku hiyo mteja amekuja kuchukua gauni lake la sendoff, kanipa noti ya elfu kumi, nafungua kopo nitafute chenji nakuta sarafu tupu. Kijana alikuwa amekaa mlangoni anafanya kazi ya shule. Nikamwona alivyoinamia daftari, pua inagusa karatasi. Nikajua. Nilipombana akakiri. Alikuwa anapeleka kwenye kibanda cha geme karibu na stendi ya bajaji, shilingi mia mbili kwa mchezo, na nyingine ananunulia wenzake chipsi. Tulipopiga hesabu ikafika kama elfu kumi na mbili.

Sikumpiga. Nilimpa maneno yake. Nilimwambia ataishia jela kama mjomba wake, kwamba mwizi ni mwizi hata akianza na mia mbili, na kwamba mimi nakesha kwenye mashine kwa ajili yake halafu yeye ananiibia. Kisha nikamnyamazia. Karibu wiki nzima sikusema naye. Chakula nampa, nguo namfulia, lakini salamu yake siitikii, nilitaka auone uzito wa alichofanya. Aliomba msamaha, nikamwambia msamaha hauji kwa mdomo. Mpaka leo kopo natembea nalo, hata nikienda kuoga nalibeba, na anajua kwa nini.

Katikati ya wiki ile nilikwenda sokoni kufuata vitambaa. Narudi nakuta kijana ana alama tatu nyekundu nyuma ya miguu, moja imechanika kidogo. Bibi yake amemchapa kwa fimbo ya mpera. Hakuficha, aliniambia, "Umeshindwa, nimekusaidia." Nikamwambia, mama, naomba usirudie tena. Nilijitahidi sauti isipande lakini ilipanda. Tangu siku hiyo chakula anakula chumbani. Amempigia mwanawe kwamba anataka kurudi kijijini akafie huko. Wifi zangu wamenipigia kwa zamu. Na mume wangu, yule yule tuliyekubaliana naye, alinijibu kwenye simu akiwa Makambako, "Mwache mama, hata mimi nilichapwa na nimekuwa mtu." Kauli hiyo iliniuma sana.

Lakini kinachoninyima usingizi si hicho. Siku ile ile aliyochapwa, jioni, nilimkuta kijana kwenye mkeka wa bibi yake, kichwa kiko pajani, anasimuliwa habari za sungura na fisi, anacheka. Mtu aliyemchapa asubuhi! Mimi ambaye sijawahi kumgusa, nikiingia chumbani anatazama chini. Akitaka hela ya daftari anamtuma mdogo wake. Nikajiuliza, kumbe watoto wanapenda fimbo? Kumbe miaka kumi yote nimekosea? Bibi naye anasema tangu achapwe hajaiba, na ni kweli hela hazijapungua tena, ingawa juzi yule kijana wa kibanda alinisimamisha njiani akaniambia mwanangu ana deni pale la elfu tatu, anacheza kwa mkopo.

Mume wangu anarudi wiki ijayo, anasema tukae tulimalize. Nianze kuchapa kama wanavyotaka? Nimwache mama aondoke? Na shuleni nako wanachapa. Nilitaka kwenda kumwambia mwalimu wa darasa asimguse mwanangu, naogopa nitamtengenezea uadui. Nisaidie, mama.

Mama Wawili, Morogoro

MAJIBU

Marahaba, Mama Wawili, na pole. Pole kwa maneno ya wifi zako, na pole zaidi kwa ile simu ya Makambako, maana kuachwa peke yako na mtu mliyepanga naye huuma kuliko kupingwa na asiyekubaliana nawe tangu mwanzo. Umebeba mengi: mgonjwa ndani ya nyumba, kazi ya usiku, mtoto aliyekuibia, na kumbukumbu ya waya wa pasi ambayo, nadhani, iliamka uliposhika ile miguu na kuitazama.

Nimeusoma mkasa wako hivi. Uliapa kutomchapa mtoto na umeshika kiapo. Mtoto akaiba. Bibi akaingia na fimbo yake, na sasa inaonekana kana kwamba fimbo imeshinda mara mbili: wizi umekoma, na mtoto amehamishia mapenzi kwa bibi. Kama nimekuelewa, unachoniuliza hasa ni kama ulijidanganya miaka yote hii.

Tuanze na wizi. Bibi anasema umekoma. Wewe mwenyewe umeandika mstari mmoja juu ya deni la elfu tatu ukaupita haraka, nami nikarudi kuusoma. Kijana hachukui tena kwenye kopo, kwanza kwa sababu kopo unaoga nalo, lakini kibandani anakwenda vile vile, na sasa anadaiwa na mtu mzima ambaye wewe humfahamu vizuri. Yaani alichojifunza hadi sasa ni kwamba ukichukua kwa mama utashikwa. Kwa nini kuchukua cha mtu ni vibaya, sina hakika kama kuna aliyepata nafasi ya kumwelewesha. Na deni hilo lisingoje kikao. Nenda kibandani mapema, ikiwezekana ufuatane na mwanamume wa familia mnayeaminiana, ulipe, umwambie mwenye kibanda kwamba mtoto wa miaka kumi hakopeshwi. Huenda akakujibu vibaya. Ukiona kuna zaidi ya geme pale, mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa hawakai mbali.

Sasa twende kwenye ule mkeka, kwa sababu ndipo moyo wako ulipo.

Umehitimisha kwamba mtoto amempenda bibi kwa ajili ya fimbo. Nakuomba uutazame tena ule usiku. Bibi yule amelala naye chumba kimoja tangu mwaka jana. Ana hadithi, ana mkeka, ana muda, vitu ambavyo wewe unayekesha kwenye mashine huna, na si kosa lako kutokuwa navyo. Akaja akakasirika, akachapa, na jioni akamwita hadithini. Kwa bibi jambo lilikuwa limekwisha. Alikosea kwa alichofanya miguuni pa mtoto, nitafika huko, lakini hasira yake ilikuwa na mwisho na mtoto aliuona.

Kwako wewe mwisho uko wapi?

Nakuuliza kwa upole, mwanangu, maana najua unajihesabu kuwa ndiye uliyemrehemu. Hukumgusa, ni kweli. Lakini ulimwambia ataishia jela kama mjomba wake. Salamu yake hukuiitikia karibu wiki nzima. Aliomba msamaha ukamjibu kwamba hauji kwa mdomo, na hukumwambia unakuja kwa njia gani. Kopo linapita mbele ya macho yake kila ukienda kuoga. Mtoto wa umri ule anaweza kupima adhabu akaona ni ndefu au fupi. Anachoshindwa kupima ni kama mama yake bado ni mama yake. Wewe ulinyamaza ili auone uzito wa kosa. Yeye pengine aliona mlango umefungwa, akatafuta ulio wazi, na uliokuwa wazi ulikuwa wa bibi. Na kumtuma mdogo wake kuomba hela ya daftari sikuoni kuwa ni dharau. Naona mtoto anayeogopa kuitikiwa na kimya.

Sikwambii haya ili uone wewe na bibi mko sawa. Mlichagua kuacha fimbo mkiwa na sababu, na sababu yako imeandikwa pajani pako. Nasema tu kwamba mliamua mtakachokiacha, na sijaona kwenye barua yako mahali mlipoamua mtamrudi kwa njia gani siku akikosa kosa kubwa. Kwa miaka mingi hamkuhitaji, alikuwa mtoto wa kumwaga maziwa na kugombana na mdogo wake. Siku kosa kubwa lilipofika, mkononi ulikuwa na maneno na kimya tu, na ukavitumia kwa nguvu zako zote.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, uanze kuchapa au la, mimi nalirudisha kwako pamoja na mambo kadhaa ya kuweka mezani. Mumeo anasema alichapwa na amekuwa mtu. Ni kweli, na usimbishie kwa hilo. Lakini mwulize, kijijini kwao ni nani hakuchapwa? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto hapa Tanzania ulionyesha kwamba karibu watatu katika kila wanne, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili kabla ya kufika miaka 18. Karibu sote tulichapwa, tuliokuwa watu na ambao hawakuwa. Ukimtazama mtu mmoja huwezi kujua kipi kilitoka kwenye fimbo na kipi kilitoka kwa mama aliyepika, baba aliyelipa ada na babu aliyesimulia. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, waliunganisha tafiti za miaka kama 50 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, na walichotazama ni makofi ya kawaida ya kumrudi mtoto, si vipigo vya kuumiza. Waliochapwa walielekea kuwa wakaidi zaidi na kuelewana kidogo na wazazi wao. Bibi akikwambia kwamba wakaidi ndio wanaochapwa sana, atakuwa na hoja, hilo ni gumu kulitenganisha. Ila kwenye rundo lote lile hawakupata dalili kwamba kuchapa kulimfanya mtoto kuwa bora baadaye, na hilo si dogo.

Ukianza kuchapa leo kuna hatari nyingine ambayo haimo kwenye utafiti wowote. Mtoto aliyekaa miaka kumi bila fimbo ya mama, ikija mara moja, tena baada ya kikao cha ukoo, ataisoma kuwa mama ameshindwa vita na yeye ndiye malipo. Na wewe binafsi, ukiwa na historia ile, unajijua mkono wako utasimamia wapi? Kuna wanaochapa viwili wakatulia. Kuna ambao kiboko cha kwanza hufungua kitu kilichofungwa zamani.

Sasa bibi. Alama tatu, moja imechanika. Hapo sipindi maneno: ngozi ikichanika tumetoka kwenye kumrudi mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikupiga marufuku moja kwa moja kuchapa nyumbani, lakini inakataza adhabu ya kikatili, na inasema adhabu yoyote lazima ilingane na umri na hali ya mtoto mwenyewe. Wenzetu Kenya wamekwenda mbali zaidi, Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 29, inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Ikitokea tena akaumizwa, afisa ustawi wa jamii yupo, na simu ya watoto 116 hupigwa bure. Nakutajia ili ujue zipo, wala sikutumi ukamshitaki mama mkwe wako. Yule mama ni mgonjwa, yuko ugenini kwa mwanawe, na nadhani ile "nimekusaidia" aliimaanisha. Aliona mkwe amelemewa, mtoto anapotea, mwanawe yuko barabarani, akatoa msaada pekee anaoujua.

Ukimwacha aondoke, utapata amani ya muda. Utapoteza yafuatayo: matibabu yake yatakwenda kombo, mumeo atabeba lawama ambayo siku moja ataitua kwako, na kijana atapoteza mkeka katika wakati ambao kwako hajarudi bado. Tena atajua bibi kaondoka kwa sababu yake. Upande mwingine, akibaki na fimbo yake ya mpera, nyumba itakuwa na sheria mbili, na watoto ni hodari wa kuishi katikati ya sheria mbili. Hakuna njia hapa isiyo na gharama.

Kuna familia zinazoanza na kitu kidogo. Hawabishani kama fimbo ni nzuri au mbaya, wanakubaliana tu kwamba hakuna mtu yeyote, bibi, mjomba, jirani, anayemgusa mtoto kabla wazazi hawajaambiwa. Hilo bibi anaweza kulikubali bila kujiona ameshindwa, maana linagusa utaratibu na halihukumu malezi yake. Lakini asiliseme mkwe. Aliseme mwanawe, wakiwa wawili, kwa heshima zote. Ukilisema wewe hata kwa sauti ya chini litasikika kama ile sauti iliyopanda. Na huenda mama akasema "sawa" kisha akarudia mwezi ujao, mkalazimika kuanza upya. Kama mume hawezi kumkabili mamaye, wapo wifi wakubwa wenye busara, hata kama kwenye simu walikuwa wakali.

Na Methali zake usizikimbie. Anayesoma Biblia atakutana pia na Waefeso 6:4, akina baba wanaambiwa wasiwachokoze watoto wao bali wawalee katika adabu na maonyo ya Bwana. Nami bibi namuunga mkono kwa jambo moja: mtoto alitakiwa alie. Mchelea mwana kulia hulia yeye, kabisa. Ila mtoto anayeambiwa atalipa elfu kumi na mbili ya mama yake, kwa kazi, mpaka iishe, naye hulia. Tena hulia kwa muda mrefu kuliko wa viboko vitatu.

Hili la kulipa nimeliona kwa wazazi kadhaa na nakueleza linavyokwenda, ulipime. Mzazi na mtoto wanakaa, wanaandika deni kwenye daftari. Zinapangwa kazi zilizo juu ya zile za kila siku: kuokota pini na vipande vya vitambaa chini ya mashine, kuteka maji ya bibi ya kuoshea kidonda, kufagia uwanja. Kila kazi ina thamani yake, ndogo, na inakatwa kwenye deni mbele ya macho yake. Hakuna kibandani mpaka deni liishe. Kwa maoni yangu siri ya jambo hili iko kwenye siku deni linapoisha. Mteja akimaliza kukulipa unamfuta daftarini, na akija tena kushona humkumbushi alivyochelewesha mwaka jana. Kijana naye anahitaji kufutwa hivyo hivyo, kopo lirudi mahali pake, na la mjomba lisitajwe tena, wala kwa hasira wala kwa utani.

Lina kasoro zake. Linahitaji mtu wa kulifuatilia kila siku, na wewe uko kwenye mashine. Likiachwa katikati huwa baya kuliko kutoanza. Kazi zikizidi, masomo yataumia, na mwaka huu ana upimaji wa darasa la nne. Pia mtoto anaweza kuanza kudai malipo kwa kila anachotumwa, hilo wazazi wengi hulilalamikia. Ndiyo maana nikafikiria, wazo tu hili, kwamba daftari hilo angelishika bibi. Yuko nyumbani siku nzima, macho yake ni makali, na mtoto anamsikia. Huenda akakataa, akasema huo ni uzungu. Huenda pia akakubali, maana mtu mzima aliyeletwa mjini kwa ugonjwa, akawa wa kupikiwa na kuogeshwa kidonda, anatafuta mahali pa kuwa na kazi. Nani ajuaye kama ile fimbo haikuwa pia njia ya kusema, "na mimi bado nipo"?

Kabla ya daftari lakini, kuna maongezi yako na mtoto, na hayo sidhani kama yanaweza kumngoja baba yake. Mfuate wewe, usingoje akufuate. Si lazima yawe marefu. Mwitikie zile salamu. Mwambie yale ya jela yalitoka kwa uchungu na huyaamini. Mwulize pia kibandani kuna nani, na kabla ya geme alikuwa anafanya nini muda ule wa kutoka shule. Hakununua mchezo tu, alinunulia wenzake chipsi, na mtoto anayenunua wenzake wakati mwingine ananunua kukaa nao. Yawezekana anaonewa, yawezekana mpweke, yawezekana anapenda tu geme kama watoto wote. Sijui. Hata yeye huenda asiseme siku ya kwanza. Ukimwuliza mnapofanya kitu pamoja, unakunja vitambaa naye anakushikia ncha, atasema mengi kuliko ukimkalisha kitini.

Kuhusu shule nitakuwa mfupi. Kwa kanuni za mwaka 2002 viboko shuleni havizidi vinne, anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na lazima iandikwe kwenye kitabu. Wengi wetu tunajua inavyokuwa kweli. Ukienda na amri, "mwanangu asiguswe", unaweza ukampa mtoto jina shuleni. Wazazi wengine huenda mapema muhula ukianza, wakati hakuna kesi, wakamwomba mwalimu kwamba kijana akikosa apigiwe simu mzazi aje siku hiyo hiyo. Uzuri wake, mwalimu haoni kama anafundishwa kazi. Ubaya wake, ukipigiwa inabidi uache gauni la watu uende.

Amebaki baba watoto. Anasema mkae mlimalize, na naogopa kikao cha watu wengi kabla ninyi wawili hamjaonana faragha. Akishuka kwenye lori akakuta mama analia upande huu na mke upande ule, atachagua upande, na atakayemchagua unamjua. Mpigie kabla hajaondoka Tunduma, saa ambayo amepaki. Usianze na mama yake. Anza na deni la kibandani, halijui na ni mwanawe. Kisha mwulize, bila kumtega, siku mliyokubaliana kuhusu fimbo yeye alikuwa anakubali kwa sababu gani. Inawezekana alikubali kwa ajili ya alama yako, kwa kukuhurumia, na la kwake mwenyewe hajawahi kulisema. Kama ni hivyo, mnayo mazungumzo ambayo hamjawahi kuyafanya, na ni bora yafanyike kwenye simu usiku huo kuliko sebuleni mbele ya wifi.

Akishafika na mkishakaa, niandikie nijue mmegotea wapi. Na hicho kidonda cha mama, kama kliniki wamekupa tarehe usiiruke kwa sababu ya ugomvi huu, kidonda cha sukari hakingoji watu wapatane.